Baba Aliitwa Boyi Mpaka Akaota Mvi

Mdogo wangu wa mwisho ana mtoto wa miaka tisa anayesoma Gisenyi, upande wa Rwanda. Kila asubuhi anavuka baryeri ndogo, ile ambayo kwenye karatasi inaitwa Petite Barrière, na akirudi mchana hupita dukani kwangu kumngoja mama yake. Duka langu liko Birere, hapa Goma, si mbali na mpaka: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na vikwembe vya wateja vimetundikwa ukutani. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua shule zake zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu hapo watoto wetu wanaosoma kule hurudi na maneno ambayo sisi wakubwa hatukuyasoma. Siku hiyo mtoto alikaa juu ya furushi la vitambaa, akafungua kitabu. Palikuwa na picha ya mvulana wa kaptura akipiga mpira, na chini yake neno moja: boy.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mama mukubwa, boy si mtoto mwanaume?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona ule muzee ya kwa jirani wanamuitaka boyi?"

Mtu aliyekuwa anamsema namfahamu. Ana zaidi ya miaka hamsini na wajukuu Rutshuru. Hufua, hupika, huteka maji, huwapeleka watoto wa nyumba ile shule, na jioni hukaa mlangoni akichambua maharage. Mtaa mzima unamjua kwa neno hilo moja. Nikaweka mkasi mezani. Nilitaka kumjibu mtoto upesi, nikashindwa, kwa sababu baba yangu naye aliitwa hivyo mpaka akaota mvi.

Baba aliingia jikoni kwa Wazungu akiwa bado mtoto, nyumbani kwa mkulima wa kahawa. Wakati huo nyumba za Wazungu zilikuwa kule chini zikitazama ziwa, na sisi tulikuwa huku juu. Kwa Kinyarwanda ibirere ni majani makavu ya mgomba, na wazee wetu wanasema mtaa ulipata jina kwa sababu nyumba zake za kwanza ziliezekwa kwa majani hayo. Baba alikuwa anatoka chini ya paa la namna hiyo alfajiri, anashuka kwa miguu, anavua nguo zake kwenye banda la nyuma na kuvaa sare nyeupe. Sare ile haikuwa na mfuko hata mmoja. Madame wa nyumba ile aliagiza ishonwe bila mifuko kwa kuogopea sukari. Jambo hilo baba alitusimulia mara moja tu, na nadhani ndilo lililonifanya niwe fundi wa nguo.

Alijua kupiga viini vya mayai na mafuta mpaka vikashikana kuwa mayonezi. Alijua kunyoosha shati jeupe kwa pasi ya makaa bila kudondosha chembe ya jivu. Alijua pia mlio wa kengele ndogo ya shaba iliyokaa mezani. Kengele ikilia mara moja ni chumvi au maji, ikilia mara mbili ni kuondoa sahani, na asipofika haraka inafuata sauti: Boy! Katika nyumba ile hakuna aliyelijua jina alilopewa na babu yangu. Jioni akipanda kurudi Birere, kuanzia kona ya kwanza watu walimwita Baba, wakaongeza jina la kaka yangu mkubwa, kama inavyotakiwa. Mama alikuwa anasema hata mwendo wake ulibadilika pale konani.

Mwaka 1960 bosi wake alipoondoka alimwachia barua ya sifa. Ilieleza kwa Kifaransa kwamba mwenye kuichukua ni boy mzuri, msafi, mwaminifu, asiyekunywa pombe. Baba alikuwa amepita miaka thelathini na ana watoto wanne. Aliihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Sanduku hilo liliungua Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikashuka katikati ya mji, na sisi tukavuka kukimbilia Gisenyi na tulichoweza kubeba. Vyeti vya ubatizo nilikwenda kuviomba upya parokiani. Barua sikuwa na pa kuiomba, wala sikutamani kuiomba.

Kwa miaka kadhaa nimelifuata neno hili, nikisaidiwa na padri mmoja mstaafu aliyeniazima kamusi zake, na mambo niliyoyakuta yalinitoa usingizi. Sisi hudhani kwamba Mzungu alichukua neno la mtoto akamvika mtu mzima ili amdharau. Kumbe katika Kiingereza cha zama za kati, kwenye maandishi ya karne ya 13, boy lilianza kwa maana ya mtumishi, mtu wa chini, mtu asiye na ukoo wa kutajwa. Maana ya mtoto wa kiume ilishika mizizi baadaye. Yule mvulana wa kaptura katika kitabu cha shule ndiye mgeni ndani ya neno hili, na baba yangu ndiye mwenyeji.

Lilitoka wapi kabla ya hapo, wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na majina ya utani ya Kijerumani cha kale, au na maneno ambayo watoto wa pwani za Ulaya ya kaskazini waliwaitia kaka zao. Na wapo wanaolifuata mpaka Kifaransa cha zamani, kwenye neno lenye maana ya mtu aliyefungwa, ambalo nalo linatokana na boia la Kilatini. Boia ilikuwa kola au pingu ya kumfungia mtumwa au mfungwa. Padri aliponionyesha mstari huo nilimwomba ausome mara ya pili.

Kiingereza si lugha pekee yenye historia hii. Wagiriki wa kale walikuwa na pais, Warumi walikuwa na puer, na yote mawili yalimaanisha mtoto na mtumwa kwa pamoja. Wafaransa walizoea kumwita mhudumu wa mkahawa garçon, yaani mvulana, hata akiwa na miaka sitini. Kiswahili nacho kina yake, kina mtwana na mjakazi, maneno ya pwani ya siku za utumwa ambayo leo tunayakuta vitabuni na katika matusi. Tofauti ni kwamba mtwana na mjakazi tumewazika. Boyi bado yuko jikoni.

Njia ya neno hili kutoka Uingereza mpaka kwenye sahani za bosi wa baba ilikuwa ndefu na ilipita baharini. Waingereza walilizoea sana India. Mwaka 1886 mabwana wawili, Yule na Burnell, walichapisha kamusi kubwa ya maneno ya Waingereza wa India, iitwayo Hobson-Jobson, na ndani yake boy lina vifungu viwili. Cha kwanza ni mtumishi wa nyumbani. Cha pili ni mbebaji wa machela, na hapo wanaeleza kwamba jina hilo linatokana na tabaka la wabebaji ambao kwa lugha za kusini mwa India, kama Kitelugu, waliitwa bōyi. Hebu litamke. Ni lilelile neno letu la Goma, na irabu yake ya mwisho. Mwingereza aliyebebwa mabegani aliwasikia wenyeji wakimwita mbebaji bōyi, yeye akasikia boy la kwao, na maneno mawili yasiyokuwa ndugu yakawa kitu kimoja kwa sababu yalimwangukia mtu mmoja, yule aliyekuwa chini ya mzigo.

Kutoka India lilikwenda China, likaja pwani za Afrika. Wafaransa wakaliokota katika makoloni yao ya Asia na Afrika, likawa neno la Kifaransa kabisa. Kongo liliingia kwa milango kadhaa. Stanley aliyemfanyia kazi mfalme Leopold wa Wabelgiji alikuwa mtu wa Kiingereza, na miongoni mwa mawakala wa mwanzo wa mfalme huyo walikuwamo Waingereza na watu wa Skandinavia. Reli ya Matadi kwenda Léopoldville, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, ilileta vibarua kutoka pwani ya Afrika Magharibi, wakiwamo watu wa Sierra Leone waliozoea amri za Kiingereza. Kule kusini, mwaka 1910 treni ya kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na pamoja na makaa na mashine ikaleta lugha ya migodi. Humo alikuwamo mtu anayeitwa boss-boy, boyi aliyewekwa juu ya maboyi wenzake.

Hilo neno boss nalo lina safari yake. Ni baas la Waholanzi, na lilistawi Marekani kwa sababu wafanyakazi weupe hawakukubali kutamka bwana kama walivyotamka watumwa. Wakatafuta neno la kumwita mwajiri lisilowashusha. Mtu mweupe alipoona neno linamshusha, alipata nafasi ya kulibadilisha. Leo hapa Birere ukipita mbele ya maduka utaitwa bosi na kila muuzaji, bosi njoo uone, bosi bei ni ya kupatana, hata kama mfukoni una faranga mia tano. Bosi tumeligawa bure kwa kila mtu. Boyi tumewaachia wale wasio na uwezo wa kulikataa.

Wabelgiji, wakishalipata neno, walilizalisha. Mwanamke mtumishi akawa boyesse, sisi tukasema boyesi. Kibanda cha mtumishi nyuma ya nyumba kikawa boyerie. Boyeri bado zipo katika viwanja vya zamani vya kule ziwani: chumba kimoja au viwili, mlango umeelekea ukuta, dirisha dogo la juu ambalo mtu hawezi kuchungulia kuiona nyumba kubwa. Siku hizi watu huzipanga, na ukiuliza nyumba utaelekezwa kwamba fulani anakaa kwenye boyeri ya fulani, na hakuna anayelisikia tena neno lililomo ndani. Msaidizi wa lori naye akawa boyi shofere. Yeye ndiye anayelala chini ya gari njiani, anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu lori likishindwa mlima. Kenya na Tanzania walimwita taniboi au tandiboi, kutokana na kazi ya kuzungusha mtaimbo wa kuwashia injini ya zamani. Ng'ambo hapo Gisenyi wanasema umuboyi. Zambia kulikuwa na garden boy, anayepalilia maua ya watu. Kamusi za zamani za Kiswahili sanifu zimeandika boi, wingi maboi, na riwaya ya Mkameruni Ferdinand Oyono ya mwaka 1956 kuhusu kijana mtumishi katika nyumba ya Mfaransa mkubwa wa wilaya ilipotafsiriwa kwa Kiswahili iliitwa hivyo hivyo, Boi.

Lakini kuna kitabu kingine ninachotaka kila msomaji wa Kiswahili akijue, maana kiliandikwa kwa Kiswahili chetu cha Kongo na wenye neno wenyewe. Mwaka 1965, huko Élisabethville, chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilitoa historia ya mji wao. Aliyeiandika ni André Yav. Aliiita kwa Kifaransa Vocabulaire, yaani msamiati wa mji wa Élisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga, kilichopigwa kwa taipu bila kumwomba ruhusa mwalimu wa sarufi. Humo unasoma Wazungu walivyofika, mji ulivyojengwa, nani alimpigia nani kazi na kwa mshahara gani, pamoja na majina ambayo watumishi waliwapa mabosi wao. Ilikaa miaka mingi bila kujulikana na wengi, mpaka mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alipoichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu.

Nilipoelezwa kuhusu kitabu hicho nilimkumbuka baba akipangusa glasi. Watu wazima walisema siri zao zote mbele yake, mikopo, wivu, hofu ya vita, kama vile mbele ya kabati. Alielewa kila neno. Hakuna mtu katika mji wa mkoloni aliyekuwa na habari nyingi kama boyi, kwa kuwa yeye alikuwa na watu wake upande mmoja wa mji na kazi yake ndani ya nyumba za upande wa pili. Wenzake wa Katanga walitambua jambo hilo. Ni kama walisema, sisi tuliokuwa tunamimina supu ndio tuliosikia, kwa hiyo sisi ndio tutaandika. Ninasikitika kwamba Goma hatukuwa na mtu kama Yav wa kukaa na wazee wetu na taipu. Baba alikufa na historia yake yote, nikabaki na hii ya sare isiyo na mfuko.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu, Patrice Lumumba alipohutubia mbele ya mfalme wa Wabelgiji, pamoja na mambo makubwa ya ardhi, magereza na kazi za shuruti aliweka jambo la namna watu wanavyosemeshwa: kwamba mtu mweusi aliambiwa ile "wewe" ya Kifaransa inayotumiwa kwa mtoto au mtu wa karibu, na ile ya heshima ikatunzwa kwa ajili ya weupe. Wapo waliodhani siku hiyo kwamba hilo lilikuwa dogo mno kwa hotuba kubwa kama ile. Baba hakulidhani dogo. Alisikia hotuba ikirudiwa redioni kwenye baa moja ya Birere, na mama anasema alirudi nyumbani akamwamkia kwa Kifaransa, kwa lile neno la heshima.

Ng'ambo ya bahari, Memphis, Marekani, mwezi Februari 1968, wazoa taka zaidi ya elfu moja waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka. Wengi walikuwa wanaume weusi wenye familia, na katika majimbo yale ya kusini Mweusi aliitwa boy mpaka kaburini. Walitembea barabarani wakiwa na mabango yaliyosema kwa maneno machache kwamba kila mmoja wao ni mwanamume, ni mtu mzima. Martin Luther King alikuja kuwaunga mkono, akauawa mjini humo tarehe 4 Aprili. Mabango yale yalikuwa yanalijibu neno hili moja ninaloliandika.

Kwetu mambo yaligeuka kwa njia nyingine, na hapa ndipo panaponiuma. Rais Mobutu, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, aliondoa Monsieur na Madame, kila Mzairwa akawa citoyen au citoyenne, raia. Mwisho wa Novemba 1973 akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Shamba moja ambalo baba alikuwa akifanya kazi wakati huo likapata mwenyewe mpya, mtu mweusi kama sisi, aliyesoma, mwenye abakosi, ile suti ya siku za Mobutu isiyo na tai. Huko nako palikuwa na kengele ya shaba, aliikuta mezani. Aliitumia. Katika nyumba ile bwana alikuwa sitwayeni, mkewe sitwayeni, wageni wote masitwayeni, na baba yangu, aliyekuwa sasa na mvi kichwani, aliendelea kuwa boyi. Mkoloni aliondoka na sahani zake, neno akalisahau mezani, nasi tukaliokota kabla halijapoa.

Mimi pia niliokota. Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana wa kunisaidia, anafagia dukani, anabeba vitambaa kutoka forodhani, ananunua uzi. Siku moja kwenye harusi mwanamke mmoja alinisifu kwa duka langu, nikamwambia, huku kijana akiwa nyuma yangu na mzigo kichwani, "Siku hizi niko na boyi wangu." Nililisema kwa fahari. Aliondoka kabla ya mwisho wa mwezi, hata mshahara hakuungoja. Baba alikuwa hai bado, na sikumwambia.

Ukitaka kujua uzito wa neno katika mtaa, sikiliza watu wakigombana. Hapa Birere mke akichoshwa na mume, dereva wa moto, yaani pikipiki, akichoshwa na abiria, ndugu na ndugu, wote wanafikia palepale: "Unazani niko boyi yako?" Hakuna anayesema unadhani mimi ni mfanyakazi wako. Kazi si tusi. Sote tunafanya kazi, mtaa huu unaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya kazi. Tusi ni kuwa mtu ambaye hahitaji kuitwa kwa jina, mtu anayeweza kubadilishwa na mwingine jioni hiyo hiyo na kengele isitambue.

Vijana wananiambia nimepitwa na wakati. Wananiambia Burna Boy wa Naijeria anajaza viwanja vya Ulaya na jina hilo, Wizkid anajiita Starboy, na vijana wa moto wanabandika BOY kwenye vizuia tope vya pikipiki zao kwa herufi za kung'aa. Ninawasikiliza, na nadhani wanasema kweli kuhusu upande wao. Mtu akijiita mwenyewe, akaliweka baada ya jina lake, neno linakuwa vazi alilolichagua. Kiingereza cha mitaani kimelifanya liwe rafiki, mwenzangu, mtu wangu. Ila kijana huyo wa moto akifika nyumbani na kumkuta mtu anafua shati lake, hamwiti Starboy.

Tanzania wana hausigeli na hausiboi, na mitaani wakaongeza beki tatu, kwa lugha ya mpira, kwa ajili ya msichana wa kazi. Watu wanacheka, na yule anayeitwa hivyo hucheka nao kwa kuwa hana la kufanya. Napenda zaidi wale wanaosema dada, ingawa dada huyo huyo mara nyingi hulala sakafuni. Vyama kama KUDHEIHA cha Kenya na CHODAWU cha Tanzania vimepigania neno refu lisilo na utamu, mfanyakazi wa nyumbani. Ndilo lililoingia katika mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011. Neno refu linachosha ulimi, lakini lina mshahara ndani yake, lina siku ya mapumziko, na lina umri wowote.

Wiki mbili baada ya swali la mtoto, alikuja dukani kijana wa miaka kama ishirini. Alikimbia vita Masisi, akapata kazi katika nyumba moja ya mtaa wa Himbi, kwa dola arobaini kwa mwezi. Tangu Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, hata dola hizo humfikia kwa vipande. Bosi wake alikuwa ameniagiza sare mbili za kaki. Alipoijaribu ya kwanza, mkono ulimwenea, mabega yalimkaa. Nilikuwa nimeweka mfuko kifuani, kama ninavyoweka kwenye kila nguo ya kazi inayotoka dukani kwangu. Alitumbukiza vidole humo, akavitoa, akavitumbukiza tena.

"Mama," akasema, "unaweza niandikia jina yangu hapa? Nitalipa miye mwenyewe."

Nikamuuliza kama bosi wake atakubali.

"Batoto ya pale banajua kusoma sasa," akajibu. "Bataisoma."

Nikampa chaki ya kukatia, akaliandika jina lake juu ya kitambaa polepole, herufi nane. Sitaliandika hapa, ni lake. Nikachagua uzi wa buluu, nikalifuata kwa cherehani huku yeye amesimama pembeni, hataki kukaa. Kwenye herufi ya saba uzi ukaisha. Nikamwambia aje kesho, akasema atangoja. Basi nikamwita mtoto wa mdogo wangu, nikampa hela akanunue uzi kwa mama wa ng'ambo ya barabara. Alipokea hela, lakini kabla ya kutoka akainama juu ya mfuko uliokuwa bado chini ya sindano, akasoma kwa sauti kilichokuwapo, jina lililokosa herufi yake ya mwisho.

Kijana akaitika.